Kuku wa Pascaline Ametembea

Siku ya nne tangu risasi imvunje paja njiani kwenda shambani, Pascaline alikuwa bado hajaelewa kwa nini madaktari hawamshoni. Alitolewa Kabambare kwa pikipiki, mguu umefungwa kwenye ubao. Hapa hospitali ya Kasongo walimlaza usingizi wa dawa, wakaosha kidonda, wakapitisha chuma chini ya goti, wakafunga kamba yenye mfuko wa mchanga unaouvuta mguu. Kidonda chenyewe wakakifunika kwa bendeji bila kukishona, wazi kama nyumba isiyo na mwenyewe. Kisiguswe mpaka siku ya tano, walisema. Kilianza kunuka.

"Mimi nilishonwa siku ile ile," alisema Mado wa kitanda cha pili, muuza mikate aliyepigwa risasi mkononi huko machimboni. "Muuza dawa alinishona kama gunia la muchele. Wewe, Mama, uzi wako umepotea?"

Pascaline akatazama mlango. Labda uzi ni wa wanawake wanaotembelewa na waume zao. Djuma wake, aliyemzalia watoto saba, wa kwanza Ruphin, alikuwa hajakanyaga pale.

Mchana akaingia Honorine, dada yake Djuma, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Ruphin, inuka twende. Kuku wako anatembea."

Kwao, mtu akivunjika, mzee wa kuunga mifupa humvunja kuku mguu kwa jina lake, akamfunga dawa ile ile. Kuku akitembea, mgonjwa naye atembee. Mgonjwa asipotembea, watu huanza kuulizana alilala na nani.

"Siku tatu tu?" aliuliza Pascaline.

"Mkono wa mzee ni mwepesi. Djuma amemuona kwa macho. Anasema, kuku amepona, muke wangu analala nini? Iko kitu anaficha."

Mwenye mwanamke wa pili kule Lusangi ni Djuma, na hakuna kuku aliyemuuliza. Lakini je, kama kuku anajua kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui? Pascaline akabonyeza paja lake. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Honorine alikuwa ameshashika kamba ya mfuko ili aifungue.

"Honorine, huyo kuku alipigwa risasi?"

"Nini?"

"Nauliza. Alipigwa risasi, ao mzee alimvunja kwa mkono?"

"Kwa mkono! Nani atapoteza risasi kwa kuku?"

Mado alicheka mpaka akaushika mkono wake mbovu.

"Basi mfupa wangu umetwangwa kama muhogo," alisema Pascaline. "Huyo kuku si mwenzangu. Toa mkono kwenye kamba."

"Ukibaki hapa, usirudi kwa kaka yangu."

Honorine akaondoka. Pascaline akabaki hajui kama amesema la haki au amejifungia mlango kwa mkono wake.

Asubuhi ya siku ya tano muuguzi Jean-Paul akaja na karatasi ya ruhusa. "Mama, leo tunafungua kidonda. Kikiwa kizuri, daktari atakishona. Nani wa familia atatia kidole?"

"Hakuna mtu. Kushona ao kukata mguu?"

"Kushona."

"Mbona hamkushona siku ya kwanza, kama Mado?"

"Risasi inaingia na uchafu. Ukishona haraka, unaufungia ndani. Muulize Mado kwa nini aliletwa hapa."

Mado, ambaye nyuzi zake zote zilikatwa ili usaha utoke, akageukia ukuta.

"Na kikiwa kibaya?"

"Tutaosha tena."

"Hamutakata?"

Jean-Paul akaitazama karatasi. "Leo hapana, Mama."

Neno lile "leo" lilimchoma kama mwiba. Aliuliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, jibu likawa lile lile. Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibandika pale alipoonyeshwa, kwenye maandishi asiyoyajua.

Alipozinduka kutoka usingizi wa dawa, mkono wake ulikimbilia chini. Paja. Goti. Chuma. Zaidi ya hapo haukufika.

"Upo?" aliuliza.

"Upo, na umeshonwa," alisema Jean-Paul, akambana kidole cha mguu. "Unasikia?"

"Nasikia. Inauma!"

"Vizuri sana."

Vizuri! Watu gani hawa, wanaofurahia maumivu ya mwenzao?

"Nitatembea?"

"Wiki sita kwanza, labda zaidi. Ndipo tutaona."

Pascaline alitazama dari. Hakujua atarudi wapi, wala kwa mguu gani.

"Bana tena," alisema.