Khanga ya Kukamulia Chausiku

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Ni siku niliyojifunga khanga ya mke mwenzangu ili ng'ombe anidhanie mimi ni yeye. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mie siku hizi hucheka, ila siku ile sikucheka.

Nimeamua kukusimulia kwa sababu nawasikia nyie vijana wa hapa Boko mnaofuga. Mnafichana mahali mnaponunua vifaranga. Mnafichana mchanganyo wa chakula. Yupo hata binti mmoja aliyeacha kumsalimia jirani yake kisa kuku wa mwenziwe wametaga kabla ya wake. Watu walipokuja kunieleza wakadhani nitashangaa. Nishangae nini? Wivu naujua, nimelala nao kitanda kimoja miaka.

Niliolewa kutoka Mtoni nikiwa mke wa pili wa Mzee Kondo, fundi wa magari aliyekuwa na gereji yake Chang'ombe. Nilikuwa msichana wa kujitazama kwenye kioo, na kioo kilinisifu. Boko ya wakati ule ilikuwa mashamba na vichaka, nyumba moja hapa na nyingine kule. Mke mkubwa alikuwa Bi Hidaya. Mabinti zake wawili walikuwa wameshaolewa, na yeye alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye visigino vilivyopasuka kwa kushinda bandani. Nilipomwona mara ya kwanza nikajisemea kimoyomoyo: huyu hanisumbui.

Alinisumbua bila hata kuninyanyulia sauti. Pale uani alikuwa na ng'ombe wa maziwa aitwaye Chausiku, mweusi mwenye baka jeupe kiunoni, na ng'ombe huyo hakuwa wa Mzee. Alipewa Hidaya na baba yake. Nyumba ilikuwa ya Mzee, gereji ya Mzee, sufuria na vitanda vyote vya Mzee, na mie mwenyewe nilikuwa wa Mzee. Chausiku peke yake alikuwa wa Hidaya. Asubuhi watu walikuja na vidumu vyao kuchukua maziwa, na salamu yao ilikuwa moja: "Hodi, Bi Hidaya yupo?" Nikisema mie nipo, wananiambia hapana, watamsubiri. Mzee akirudi jioni, mtu niliyejipamba kwa ajili yake tangu alasiri, swali lake la kwanza lilikuwa Chausiku ametoa ngapi leo.

Basi nikaingiwa na wivu wa ng'ombe, mwanangu. Sikuona wivu kwa zamu za Hidaya kwa mume. Hizo nilizivumilia, ndiyo sheria. Kilichonichoma ni ile heshima ya uani, kwamba mwanamke asiye na kioo chumbani kwake ndiye aliyetafutwa na kila mtu.

Nikasema nami nitajifunza kukamua. Nilikwenda bandani na ndoo yangu, nikaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu kama nilivyomwona Hidaya akifanya, nikapaka mafuta chuchu, nikavuta. Chausiku akageuka akanitazama, kisha akaipiga ndoo teke. Nikarudi siku nyingine, teke tena. Mzee alipoona akatikisa kichwa. "Zamani hakuwaga hivi huyu. Siku hizi hamtaki mtu, anamtaka mwenyewe tu." Mie nikapata jibu langu papo hapo: Hidaya amemfanyia dawa. Hasidi hana sababu, na akikosa sababu huokota ya kwake.

Miezi ikapita. Hidaya akaanza kushikwa na tumbo, likazidi, ikabidi apelekwe hospitali akafanyiwe upasuaji. Asubuhi ya kuondoka aliniita pembeni, amejishika kiuno, uso umemsawajika.

"Mdogo wangu," akaniambia, "Chausiku nakuachia wewe. Ile khanga yangu ya kazi nimeitundika kwenye mlango wa banda. Jifunge ile ndo uende kukamua. Akisikia harufu yangu ataachia maziwa. Usipojifunga atabana."

"Sawa, bi mkubwa," nikajibu.

"Usiifue lakini."

Nikaitikia tena. Alipotoka tu getini, nikaenda kuitazama hiyo khanga. Imechakaa, maandishi yamefutika, inanuka kinyesi, pumba na jasho la mwanamke mwenzangu. Sasa hebu nifikirie mie, bibi harusi wa Mtoni, niliyekuja na khanga sanduku zima, nijivike tambara la mke mwenza ili ng'ombe anikubali. Niliona ni kunivua nguo mbele ya mifugo. Nikaiacha palepale ilipotundikwa. Nikaenda ndani nikafungua sanduku, nikatoa khanga mpya iliyokuwa bado ngumu kwa wanga, nikajifunga, nikaenda bandani kifua mbele.

Chausiku alibana. Nilivuta mpaka mikono ikafa ganzi, nikapata maziwa ya kufunika tako la ndoo tu. Ndama wake alikuwa ameshaachishwa na kuuzwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kumnyonya ili maziwa yashuke. Wateja nikawaambia ng'ombe amepunguza. Mzee nikamwambia vivyo hivyo, naye akasema, "Angekuwepo Hidaya." Alisema kwa unyonge wa mtu aliyemkumbuka mkewe mgonjwa, lakini mie iliniingia kama pilipili. Kesho yake nikaapa kwamba ile khanga sitaigusa hata ng'ombe akauke.

Nikaendelea hivyo. Kila asubuhi khanga mpya, kila asubuhi ndoo tupu. Halafu Chausiku akaacha kula. Nikamwekea pumba na mashudu, akanusa akaacha. Nilipomshika kiwele kilikuwa kinachoma kama tumbo la sufuria, na chuchu moja ya nyuma imevimba, ngumu. Nikaogopa. Huyu si ng'ombe wa mume wangu. Ni mali pekee ya mwanamke aliyelala hospitali na tumbo lililopasuliwa, naye aliniachia kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamwita bwana mifugo. Akampiga sindano, akaniambia dawa peke yake haitoshi, lazima maziwa machafu yaliyoganda yatoke yote, nikamue kila mara mpaka kiwele kiwe laini. "Asipoachia leo," akasema, "unampoteza."

Alipoondoka nilisimama mlangoni pa banda nikiitazama ile khanga. Sikuichukua kwa moyo mwema, nisikudanganye. Niliichukua kwa kuwa ng'ombe angekufa na ningeulizwa. Nikajifunga, nikachuchumaa na ndoo. Chausiku akageuza shingo, akavuta pumzi begani kwangu, akavuta tena. Kisha akatoa mguu nyuma taratibu kunipisha, na maziwa yakashuka. Kwanza mabonge na damu, halafu yakaja meupe.

Nililia, mwanangu, tena si kwa toba. Nililia kwa wivu. Katika maisha yangu sijaona wivu kama ule. Mnyama mgonjwa amepumua, ametulia, amejiachia mikononi mwangu, kwa sababu ameamini mimi si mimi. Nilikamua huku nikimchukia Hidaya kuliko siku zote, na mikono yangu wakati huohuo ikimwokolea ng'ombe wake.

Chausiku akapona. Ile chuchu moja haikupona, ilikauka.

Hidaya alirudi amekonda, anatembea kwa kushikilia ukuta. Hakuingia ndani. Alipitiliza bandani, akamshika Chausiku kiunoni, akainama kwa taabu, akapapasa kiwele chuchu moja baada ya nyingine. Mie nilikuwa nimejitayarishia uongo wangu, nimeukunja vizuri.

"Ulijifunga khanga yangu?"

"Nilijifunga, bi mkubwa."

"Tangu siku ya kwanza?"

Uongo wote ukanikauka. Nikatazama chini. Nilingoja anitukane, na nilistahili kutukanwa. Nilingoja aseme atamwambia Mzee. Yeye akavuta kigoda akakaa, mkono wake bado uko kiweleni.

"Unajua Chausiku alikuwa akikamuliwa na mtu yeyote?" akasema. "Mzee alimkamua. Binti zangu walimkamua. Hata jirani nikisafiri. Siku aliyoniambia Mzee kwamba anaoa msichana wa Mtoni, ndo nikachukua ile khanga. Nikaivaa bila kuifua, nikamkataza kila mtu kumgusa. Nilimfundisha makusudi asimkubali mtu mwingine."

"Kwa nini?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Ulikuwa unakuja, mdogo wangu. Kijana, mzuri, unachukua siku zangu nusu. Nikasema, kiwepo kitu kimoja humu ndani ambacho huyu hawezi kupewa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipokuwa kule kitandani nikawa namuwaza. Ningekufa, naye angekufa. Ningempelekea nani khanga?"

Hapo nitakwambia jambo la aibu. Nilifurahi. Mwanamke niliyedhani ana kila kitu na hahitaji lolote, kumbe alikuwa akikesha kwa ajili yangu kama mie nilivyokesha kwa ajili yake. Nilijiona nimekuwa mtu katika nyumba ile. Furaha hiyo haikukaa sana, kwa maana ile chuchu iliyokauka ilikuwa palepale mbele ya macho yetu, na haikuwa na kosa lolote. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ndiyo kabisa.

Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda bandani pamoja. Yeye anakaa upande wake na nguo yoyote aliyoamkia, mie upande wangu na yangu, Chausiku katikati. Mwanzoni alirusha mateke, akanusa huku akanusa kule, hajui amshike nani. Taratibu akazoea. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini sie hatukuwa mafahali, tulikuwa wanawake wawili wenye kazi ya kufanya kabla jua halijawa kali. Usidhani tulipendana. Kuna siku tulikamua bila kusemezana, na kuna siku nilimwambia waziwazi, "Leo nina wivu na wewe, bi mkubwa," naye akanijibu, "Mie jana," tukaendelea.

Siku moja jirani mmoja aliyekuja kuchukua maziwa akaiona ile chuchu iliyosinyaa. Akashika mdomo, akasogea karibu kwa umbea. "Jamani, Bi Hidaya, nani kamroga ng'ombe wako?"

Hidaya hakuinua hata kichwa. "Sie wawili," akasema, akampa kidumu chake.

Basi, mwanangu, nikupe ninachokijua. Sitakwambia usione wivu. Anayekuambia hivyo hajawahi kuwa na jirani. Utauona tu, kuku wa mwenzio wakitaga, mbuzi wake wakizaa mapacha, mteja wako akivuka barabara kwenda kwake. Ukija, upokee, lakini usiupe kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa, ila wivu ni mgeni mmoja wa kumnyima jembe kabisa, maana akilima hulima shamba lako mwenyewe. Na umtaje. Mwambie mwenzio uso kwa uso, nina wivu na wewe. Utaona haya kidogo, halafu utakuta naye alikuwa na wake.

Jingine ni hili, na hili nawaambia hasa mnaofichana maarifa. Mifugo yako usiifundishe kukujua wewe peke yako, wala kazi yako usiifungie kifuani. Kesho utaugua, au utafiwa, au utasafiri, na kiumbe asiye na kosa atabaki bandani akisubiri mtu mmoja asiyekuja. Yule binti aliyeacha salamu, kesho asubuhi akapige hodi kwa jirani yake akamuulize kuku wake anawalisha nini. Akijibiwa vibaya, aje kwangu nimpeleke mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akupe riziki inayoonekana, mwanangu, na akupe jirani atakayeiona bila kuumia. Na kama ataumia, kwa maana ni binadamu, Mungu ampe ujasiri wa kukwambia, na akupe wewe moyo wa kumsogezea kigoda akae. Amina.