Mpishi Aliyesikiliza Karai

Sisi wa mnada wa samaki hapa Jumunjin, bandari ya mashariki mwa Korea, tunakunywa asubuhi. Saa tatu, wengine wanapofungua ofisi, kwetu kazi imekwisha: ngisi wameshauzwa, sakafu imeshamwagiwa maji, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Tunavuka barabara tunaingia kwa Tak Geumok. Meza nne, majiko mawili ya gesi, basi.

Geumok alipasua ngisi miaka ishirini na miwili, akawaanika kwenye kamba kando ya bahari, mpaka ngisi walipoadimika na kamba zikabaki tupu. Wenzake wengi walihama. Yeye akanunua karai. Alitaka chakula cha kushushia soju, pombe yetu kali: kishike tumbo, kiwashe ulimi, kisimwache mtu aanguke njiani. Ndipo akaanza kukaanga tambi nene za udon pamoja na ngisi, kabichi, vitunguu na pilipili ya unga. Juu yake hurushia vipande vya samaki mkavu vyembamba kama karatasi, navyo hucheza kwa mvuke kama vina roho.

Mimi nachambua samaki pale mnadani. Geumok si ndugu yangu wa damu, ila namwita dada.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja homa ilimlaza wiki mbili. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini tambi zilikuwa zilezile. Jambo moja tu lilinishangaza. Kila asubuhi alininyooshea bakuli la ngisi. "Hebu mnuse huyu, mdogo wangu. Yuko sawa?" Nilidhani ananipa heshima.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, tulikuwa kumi na mmoja mle ndani. Geumok alikuwa anakaanga, ametugeuzia mgongo. Nyuma yake, kando ya jiko la pili, kitambaa cha kufutia kilishika moto. Moshi ukatanda, tukaanza kukohoa. Yeye anageuza tambi tu.

"Mama! Unaungua!" alipiga kelele Bong Panseok, fundi wa injini za boti. Akaruka na ndoo ya maji, akazima. Alipoona kumepoa, ulimi wake ukarudi kazini. "Kha! Moshi wote huu husikii? Au pua umeiweka rehani?"

Tukacheka. Geumok naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akazima jiko, akakalia kreti ya chupa.

"Sina pua," alisema. "Tangu ile homa. Ulimi pia hauna kitu. Maji na mchuzi kwangu ni kitu kimoja."

Hakuna aliyegusa glasi yake.

"Acha utani, mama," Panseok alisema polepole. "Na hizi tambi tunazokula kila siku?"

"Mngejua, mngekaa mezani kwa mpishi asiye na ulimi? Ningewaambia nini?" Akajifuta uso kwa aproni. "Chumvi na sosi napima kwa glasi ya soju, kama zamani. Mengine nasikia."

"Unasikia nini?"

"Fumbeni macho."

Watu wazima tukafumba macho saa tatu na nusu ya asubuhi, hata Panseok. Jiko likawaka. Mafuta yakakaa kimya, kisha vitunguu vikaingia na karai likapiga kelele kama mvua ya ghafla juu ya bati. Kelele zikapungua, zikawa manyunyu. "Maji yametoka," alisema. Ngisi akaingia. Nilimsikia akilalamika, sauti nyembamba, halafu ikanyamaza. "Sasa. Akikaa zaidi anakuwa mpira." Tambi zikashuka kwa mlio mzito. Sosi ikamwagwa ukingoni mwa karai, ikafoka, na harufu yake ikatupiga sisi sote usoni. Yeye peke yake haikumfikia.

Miaka minane nilikuwa nakula pale, na karai lile sikuwahi kulisikia.

"Na pilipili?" Panseok aliuliza, sasa sauti imeshuka. "Pilipili haina sauti."

"Pilipili naitazama kwenye midomo yenu. Wewe ukikimbilia glasi kabla hujameza, nimezidisha. Ukilalamika huku unakula, ipo sawa. Ukinyamaza ndipo naogopa."

Akatuwekea sahani. Panseok alikula, machozi yakimlenga, na sijui kama ilikuwa pilipili. Mwishowe akasema, "Leo zimezidi chumvi kidogo."

"Mwongo," alisema Geumok. "Umelamba sahani."

Miaka mitatu imepita. Ulimi wake haujarudi. Ngisi nanusa mimi, na Panseok amejitawaza msimamizi wa chumvi, anagombana naye kila siku. Habari zimetembea. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kwa basi kutoka Donghae, mpishi wa supu, naye homa ilimwachia ulimi usioonja kitu. Alikuwa amefunga mkahawa wake mwaka mzima. Hakuagiza kitu. Alisimama kando ya jiko tangu asubuhi hadi mchana, kichwa amekiinamisha kuelekea karai. Tukashusha sauti zetu bila kuambiwa. Kwenye sahani ya saba Geumok alimpa mwiko. Vitunguu vilipoacha kupiga kelele, yule mama alisema, "Sasa," na ilikuwa kweli ni sasa.