Nyanya za Shimo la Panya

Walisema mtoto wa kambi hawezi kuvuna nyanya. Walisema hivyo wakiwa wamekaa mikekani katika ukumbi wa kambi ya jeshi mjini Kasese, ukumbi ulionuka buti zilizolowa na chai ya maziwa iliyoungua, wakitazama kipindi cha bustani kila Jumamosi mchana. Mtangazaji alikuwa kijana wa glavu nyeupe, na bustani yake ilikuwa na matuta yaliyoinuliwa, yamenyooka kama gwaride. Wake wa askari walimsifu kwa sauti moja. Mama Okello, jirani yetu, ndiye aliyeongoza kwaya hiyo. “Ona mikono yake, safi kama ya daktari!” Nami nilijiuliza ni mkulima gani huyo asiyewahi kuguswa na udongo.

Jua la Kasese halina huruma na tuta. Matuta waliyoiga kwenye televisheni yalipasuka kabla ya saa sita mchana, wakalilaumu jua. Mimi nilichimba vishimo nyuma ya nyumba ili maji ya kuoshea mboga yakae humo, nikaazima miche kwa akina mama haohao. Kambini miche haikutolewa bure. Uliazima, ukalipa kwa nyanya. Mama Okello alinipa yake huku akicheka. “Afande mdogo, hiyo shimo ni ya kuzika panya? Yule wa TV iko na tuta, wewe iko na kaburi!”

Miche yangu ilishika, yao ikanyauka, na bado walimsifu yule wa glavu. Niliomba kitu kimoja tu, nyanya ziive kabla baba hajahamishwa. Hazikuiva. Lori la kutupeleka Bwera lilikuja zikiwa bado za kijani. Nilipoinama kuzichuma baba akafoka, “Wacha! Bustani ni ya nyumba!” Ndiyo desturi ya kambi, anayehama huacha kila kilichomo ardhini. Lori lilipoondoka Mama Okello alipaza sauti, “Na miche yangu je?” Wenzake wakaangua kicheko.

Leo nina stashahada ya kilimo niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe mbali na Bwera, nimerudi, na shamba langu la Bwera halichekwi na mtu. Watangazaji wameongezeka, glavu zimezidi weupe, na watazamaji wanawaandikia sifa kwenye simu kana kwamba wamewahi kula kitu kutoka bustani zile. Mwezi uliopita nilipakia kreti za nyanya, nikaenda Kasese kumlipa kila aliyeniazima mche. Mama Okello nilimfikia mwisho. Amezeeka, ana nyumba yake mjini, na nilimkuta mbele ya televisheni, kijana mwingine akipapasa tuta jingine.

Aliinua macho, akanitazama. “Wewe ni ule wa shimo ya panya?”

“Ni mimi, mama. Nimeleta deni yako.”

Alichukua nyanya moja, akaifuta kwa leso, akaiuma, maji yakamtiririka kidevuni. Kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa jikoni.

“Kuja uzime hii kitu. Mkulima iko hapa.”