Miguu Yangu na Ng'ombe wa Dada

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kutengeneza filamu, nakohoa kidogo kisha nasema Mwanza. Sisemi kwamba Mwanza nilifuata betri. Shule yangu ilikuwa banda la video hapa Bariadi, na mtihani wa kwanza niliufanyia kwenye zizi la baba.

Kwenye banda kazi yangu ilikuwa kuandika ubao wa nje: filamu ya leo ni ipi, nani anampiga nani na kwa nini. Nilifuta na kuandika upya mpaka chaki ikaisha. Mwenye banda alinitazama siku moja akauliza, "Unaandika ubao au unaandika wosia?" Mimi niliona naandika filamu. Nyumbani nilikuwa na daftari kubwa lenye skripti nne, zote zikiishia ukurasa wa tatu, maana ukurasa wa kwanza haukuwahi kunipendeza.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo serikali ilikuwa imelegeza kamba za biashara, na kila mwenye mzani na lori bovu akawa mnunuzi wa pamba. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Msimu ulipomwendea vizuri alinunua redio kubwa, viatu vyeupe na kamera ya video ambayo hakujua kuitumia. Mimi pia sikujua, ila nilikuwa nimesoma kitabu chake cha maelezo, kilichoandikwa kwa Kijapani, nikitazama michoro. Akaniazima kwa ajili ya siku ya mahari ya dada.

Dada yangu alikuwa amengoja sana. Mchumba wa kwanza alikwenda machimboni akasahau kurudi. Huyu wa pili, wa Ipililo, alikuja na ukoo wake, wakakaa, wakabishana, wakaafikiana ng'ombe kumi na watano. Dada aliniambia asubuhi ile, "Mdogo wangu, leo usiharibu kitu." Alinijua.

Niliandika skripti ya ng'ombe kuingia. Msicheke. Ng'ombe mweupe atangulie, vumbi linyanyuke nyuma yake, baba asimame kulia mwa lango, asitabasamu. Nilimsomea baba. Akasema, "Huyo mweupe amesoma hiyo?"

Hakuwa amesoma. Aliyetangulia alikuwa mwekundu mwenye pembe moja, akasimama katikati ya lango la ua wa minyaa akanya kwa utulivu kabisa. Nyuma yake akapita mshenga, mzee mnene wa upande wa bwana harusi, akipenga kamasi kwa vidole mbele ya lenzi yangu. Wengine wakaingia kwa kusukumana. Wa kumi na tano alipopita nilibonyeza kitufe cha kuzima, nikashusha kamera, moyo umekufa. Baba na mshenga walikuwa wameshikana mikono karibu yangu wakisemezana. Sikuwasikiliza. Nilikuwa natazama daftari.

Ndipo nikawapigia kelele vijana waliokuwa wakiswaga: "Rudisheni! Rudisheni ng'ombe nje, waingie tena!"

Nimeishi Usukumani maisha yangu yote. Najua ng'ombe wa mahari hutoka kwenye zizi la baba wa binti kwa sababu moja tu: ndoa imekufa. Mtoto anayenyonya anajua. Lakini wakati ule nilikuwa mwongozaji, na vijana, kwa heshima ya ile mashine, wakawatoa wote kumi na watano.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Alipiga yowe kana kwamba kuna msiba. Baba akageuka, akaona mikia ikielekea Ipililo.

"Mmeghairi?" akamuuliza mshenga.

Mshenga alikuwa mtu wa kuona nafasi haraka. Alifuta vidole kwenye kanzu, akasema taratibu, "Sisi hatujaghairi, mzee. Aliyewatoa ni mwanao. Halafu, kusema kweli, walikuwa bado hawajaingia vizuri. Walisimama langoni tu. Kama ni hivyo, tukae tena tuhesabu upya. Hata kumi wanatosha."

"Kumi!" baba akasema. "Binti yangu amepungua wapi?"

Nilijua dada yuko ndani anasikia. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, "Kamera imeshuhudia." Nikarudisha kanda nyuma. Wazee wakapanga mstari, mmoja mmoja akafumba jicho na kuchungulia kile kitundu cha kutazamia cha kamera.

Mshenga alichungulia muda mrefu. Kisha akanyoosha mgongo.

"Naona miguu," akasema. "Miguu ya huyu kijana, na kandambili. Hii nayo ni sehemu ya mahari?"

Nilichungulia. Ni kweli. Nilipodhani nawasha, nilikuwa nazima. Nilipodhani nazima, nikawasha. Hakukuwa na hata kwato moja. Kulikuwa na vidole vyangu vya miguu, vimepigwa picha vizuri sana, na mwanga wake ulikuwa safi.

Dada akatoka ndani. Bibi harusi hatakiwi kutoka, shangazi akamvuta khanga, lakini akajichomoa. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Hicho kitu kinashika na sauti?"

"Kinashika."

"Basi acheni kutazama, sikilizeni."

Kamera ilikuwa na hedifoni moja. Dada mwenyewe alimvalisha mshenga, kwa mikono miwili, kwa adabu zote za mkwe. Nikaichezesha tena kanda ya ile miguu. Tulimtazama mzee usoni. Mwanzo aliinua nyusi. Halafu akaanza kutikisika tumbo.

"Anasemaje huyo?" baba akauliza.

"Ni mimi," mshenga akasema, akivua hedifoni. "Nasema, 'Wamo wote ndani, mkwe, kumi na watano, hakuna deni. Pombe iko wapi?'"

Hata shangazi alicheka, ingawa alikuwa bado na machozi ya lile yowe. Ng'ombe wakageuzwa. Mara hii alitangulia yule mweupe, vumbi likanyanyuka nyuma yake, baba akasimama kulia mwa lango, hatabasamu. Ilikuwa picha niliyoiandika, neno kwa neno. Sikuipata. Baba alikuwa ameninyang'anya kamera na kunipa fimbo, nikawa naswaga nyuma, nikila vumbi.

Sasa nimetengeneza filamu mbili fupi, na kwa zote mbili nimekosa usingizi kwa sababu ya sekunde ambazo hakuna anayeziona. Kila mwaka naenda Ipililo kumwomba dada ile kanda. Anayo, ameifunga kwenye kitambaa sandukuni, anawaonyesha wageni miguu yangu. Nimemwambia ndicho kitu bora nilichowahi kupiga.

"Ndiyo maana sikupi," huniambia, akinimiminia uji. "Nikikupa utairekebisha."