Usimlize Bibi

Juzi nilikuwa na shughuli Liverpool, ile ya huku Sydney, nikapita mbele ya yale maghorofa ya matofali tuliyoishi nilipokuwa mdogo. Dirisha la jikoni kwetu lilikuwa wazi, mtu anakaanga vitunguu. Nikasimama pale kama mjinga, navuta harufu. Ungepita ungenicheka.

Nililetwa Sydney nikiwa na miaka minane, kuishi na mama niliyemjua kwa simu tu. Bibi ndiye aliyenilea, Tanga, na Bibi akabaki Tanga. Mama alikuwa akifanya usafi maofisini huko mjini, na siku yake ya mapumziko alipika utadhani kuna harusi: wali wa nazi, maharage, samaki wa kupaka, chapati zinazochuruzika mafuta. Maskini, alikuwa akifidia miaka yote ile. Nikimaliza sahani, anaongeza. Mashavu yakajaa, naye akapiga picha akatuma nyumbani: jamani, mwoneni mwanangu alivyonawiri! Kwetu mtoto akinenepa anasifiwa, nani angeshtuka?

Kila Jumapili tulimpigia Bibi. Kabla simu haijaita, Mama aliniambia yaleyale: "Mwambie umekula. Usimlize, ana presha." Basi nikasema nimekula, shule nzuri, baridi imepungua. Bibi anacheka, nami najilazimisha kucheka. Simu ikikatwa naenda jikoni, nakula mkate mkavu, kipande juu ya kipande, mpaka tumbo linauma. Mkate ukijaa mdomoni huwezi kulia. Jaribu uone.

Aliyegundua ni jirani wa mlango wa pili, mama wa Kikongo niliyekuwa nikishinda kwake baada ya shule hadi Mama arudi. Kwake palinukia sombe, kisamvu cha kwao, na mafuta ya mawese. Hakuninyima hata siku moja. Nikiomba mkate ananikatia, kisha ananikalisha chini anisuke, huku akiniuliza habari za Bibi: anapika nini, anaimba nini, anapenda kulala upande gani wa kitanda. Nami nasimulia weee, mkate nimeushika tu mkononi, nimesahau kutafuna. Yeye akaliona hilo.

Jioni moja Mama alipokuja kunichukua, jirani akamwambia kwa Kiswahili chao, "Mama, uyu mtoto haiko na njala. Iko na kilio, na anaikula."

Mama akawaka. "Mwanangu simnyimi kitu! Mtoto ananenepa, mnasema anaumwa?" Tukaondoka bila kuaga, na hadi mlangoni kwetu nilikuwa nageuka nyuma, nikijua nimeshaikosa nyumba ile.

Jumapili ikafika. Simu ikaanza kuita, na safari hii Mama hakuniambia nisimlize Bibi, akanikabidhi tu. Bibi akauliza nimekula? Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Nililia mpaka makamasi. Bibi naye akalia kule, kisha akasema, "Afadhali, mjukuu wangu. Nilidhani umenisahau."

Mama alisikia. Alikaa kwenye kiti akiangalia mikono yake. Kesho yake alibisha kwa jirani na bakuli la maharage, akaomba radhi.

Nisikudanganye, mkate sikuuacha siku hiyo. Ilichukua muda mrefu, na kuna wiki nilirudia. Lakini Jumapili zilikuwa zangu na Bibi, kucheka kwetu na kulia kwetu, na presha yake wala haikupanda.

Jirani alishahamia mbali. Bibi naye alifariki mwaka jana, na Jumapili sasa simu yangu iko kimya, inaniuma hadi leo. Siku ya msiba Mama alinifuata kwangu Campbelltown na sufuria la pilau, akaanza kupakua kabla hata hajavua koti. Nikamwambia, "Mama, sina njaa." Akasimama na mwiko mkononi, akanitazama. Kisha akaweka sahani chini, akanikumbatia, na yeye ndiye aliyeanza kulia.