Kuutia Nyuzi Udi wa Marehemu

Mume wangu alipofariki, katika vitu vyote vilivyobaki nyumbani, udi ndio uliokuwa wake hasa. Cherehani kilikuwa changu, vyombo vilikuwa vyangu, kitanda tulikinunua pamoja. Udi aliurithi kwa baba yake Mombasa, akaja nao Nairobi alipopata kazi kiwandani, na miaka yote tuliyoishi Kaloleni aliutundika ukutani, mbali na dirisha, akaufunika kwa kanga yangu ya zamani.

Mstari wetu wa nyumba ulikuwa na watu wa magharibi na wa Mlima Kenya, watu wa kanisa. Jumapili asubuhi mtaa ulikuwa ukibaki mtupu. Wakati huo ndipo mume wangu alipokuwa akiuteremsha udi, akae kwenye kigoda mlangoni, apige taratibu, nami nishone. Hatukuwa tukizungumza sana. Sauti ya udi ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu.

Aliugua kifua wakati wa baridi, na kabla ya mvua za vuli tukamzika. Nilikaa eda mle mle ndani. Shemeji yangu, mdogo wake, alitaka nirudi Mombasa, lakini wazazi wangu walikuwa wameshatangulia, watoto sikujaliwa, na nyumba ya huko ilikuwa imejaa watu ambao wangenihurumia kutwa. Hapa nilikuwa na wateja. Nilishona sare za shule na kanzu za kwaya. Basi nikabaki, na Jumapili zikawa ndefu.

Siku moja mchana, nikiwa nakata kitambaa, nilisikia mlio mdogo chini ya ile kanga. Uzi mmoja wa udi ulikuwa umekatika wenyewe. Nyuzi za udi hukaa mbilimbili, isipokuwa ule mmoja mnene ambao hukaa peke yake. Baadaye ukakatika mwingine, kisha na ule mnene. Nikauchukua nikautazama mahali ulipokatikia. Ndani yake mlikuwa na hariri, nyuzi nyembamba kama za utando wa buibui, zimezungushiwa waya wa shaba. Mimi ni mshonaji, naijua hariri hata nikifumba macho, na miaka yote ile nikimsikiliza mume wangu sikujua kwamba sauti nzito ya udi ilitoka humo.

Nikataka kuusikia tena. Kupiga sikujua. Nilitaka kusikia tu.

Nilikwenda mjini kwenye duka lililouza magitaa na akodioni. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Nataka nyuzi za udi," nikamwambia.

Akalitazama buibui langu, akatabasamu. "Udi, mama? Ile ya kuchoma? Hiyo jaribu kwa maduka ya manukato."

"Udi wa kupiga, mwanangu, si wa kufukiza."

Hakuwahi kuuona. Akaniuzia nyuzi za gitaa, za chuma, akaniapia kwamba uzi ni uzi. Nikazifunga kwa namna nilivyokuwa nikimwona mume wangu akifanya: fundo kwenye daraja, kile kibao kidogo kilichogandishwa juu ya tumbo la udi, kisha shingoni, kisha kwenye vigingi, nikakaza. Nilipougusa, ulilia kwa ukali, mlio mrefu wa baridi kama bati likikwaruzwa. Nikasema labda utalainika ukizoea.

Haukulainika. Siku chache baadaye, nikiwa nachambua mchele, nilisikia mpasuko. Chuma kilikuwa kimelivuta daraja mpaka likang'oka, likaondoka na vibanzi vya uso wa udi. Nilikaa chini pale pale, nikalia kwa sauti. Nilikuwa sijalia hivyo hata siku ya mazishi.

Jirani yangu alinisikia kupitia ukutani, akaja mbio. Alikuwa mama wa makamo kutoka Bungoma, mfanyakazi wa kiwanda cha biskuti, na kila alipopita ulisikia harufu ya sukari iliyoungua. Mumewe alibaki shambani. Tulikuwa tukisalimiana tu, yeye na mimi, na kuazimana chumvi.

"Nani amekufa tena?" akauliza akiwa mlangoni.

"Hakuna mtu. Ni udi."

Nilidhani atacheka. Akaja, akapiga magoti, akauokota ule udi kama mtu anavyomwokota mtoto aliyeanguka. Akapitisha kidole palipong'oka.

"Baba yangu alikuwa na litungu, hiyo chombo ya nyuzi ya kwetu," akasema. "Alikuwa anapiga kwa harusi na kwa matanga. Hii mti ni nyepesi, dada. Hiyo waya iko na nguvu ya kuvuta gari. Hapa unataka kitu ya mnyama."

Yeye mwenyewe aliupeleka kwa seremala wa vitanda aliyemfahamu, daraja likagandishwa upya kwa gundi ya ngozi. Kovu lilibaki.

Kwanza tulijaribu nailoni, kwa kuwa ilikuwa rahisi kupatikana. Jirani yangu alinunua mshipi wa kuvulia kwa wauza samaki wa Gikomba, mwembamba na mwingine mnene kidogo. Nailoni haikuudhi udi. Ilitoa sauti safi, nyepesi, inayoruka. Kwenye zile nyuzi nyembamba za chini ilipendeza. Lakini kwenye zile za kati ilikuwa kama mgeni mchangamfu aliyeingia nyumba ya msiba bila kuambiwa. Jirani yangu aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Inalia kama redio," akasema. "Jumamosi twende Burma."

Tukaenda. Soko la Burma lilikuwa na moshi wa nyama choma na wanaume waliosimama kula. Jirani yangu alinivuta mpaka kwa mchinjaji mmoja, akaomba matumbo membamba ya mbuzi, mazima, yasikatwe.

"Mnapika mutura?" mchinjaji akauliza, akidhani tutayajaza nyama na damu.

"Tunatengeneza muziki," jirani yangu akamjibu. Yule bwana akatuangalia mmoja mmoja, akaona hatutanii, akafunga mzigo kwenye gazeti.

Kazi ile ilikuwa na uvundo, sitasema uongo. Tuliyaosha, tukayaloweka kwenye maji ya majivu, tukayakwangua kwa mgongo wa kisu mpaka ikabaki ngozi nyeupe inayopitisha mwanga. Tukaichana vipande virefu. Kisha ikaja kazi ya kusokota. Baba yake alikuwa akisokota kwa mkono juu ya paja, lakini mimi nilifunga ncha moja kwenye gurudumu la cherehani nikalizungusha polepole, naye akashika ncha ya pili, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Legeza," alikuwa akisema. "Sasa kaza. Basi, basi, usiue."

Tukazianika uani, kwenye nguzo za kamba za nguo, zimevutwa kwa mawe. Kunguru wakaja. Wakaja na watu. Kufika jioni mstari mzima ulikuwa unanong'ona kwamba mjane Mswahili anaanika matumbo, na kwamba huko pwani hivyo ndivyo wanavyofanya. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakishona. Alisema mwanawe hakui sana, sare ya zamani bado inamtosha, na macho yake yalikuwa uani. Kwa muda hata watoto waliacha kupita mlangoni kwangu, na siku zile nilizoea kukaa kutwa bila kutamka neno.

Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka kanisani, jirani yangu alisimama katikati ya mstari na nguo zake nzuri, akaita: "Anayetaka kuona uchawi aje!" Akaniambia nitoe udi. Nikautoa. Nilikuwa nimeshafunga utumbo kwenye nyuzi za kati, na ule mnene nilikuwa nimeutengeneza kwa hariri yangu mwenyewe, nyuzi nyingi pamoja, nikazungushia waya wa shaba wa mota mbovu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka vidole vikachubuka. Nikakaa kwenye kigoda, nikazigusa moja baada ya nyingine, kutoka nyembamba hadi nene. Hakukuwa na wimbo. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Kumbe ni chombo tu," akaenda zake. Wengine wakamfuata. Yule mteja hakurudi.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Utumbo hauna haraka. Ukiugusa, sauti inatoka na pumzi kidogo, ina ukungu, kisha inazimika mapema kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Nyuzi za mume wangu hazikuwa hivi. Zake zilikaa hewani zaidi, zilikuwa na mng'aro. Nilitafuta sauti yake nikapata nyingine, na kwa siku kadhaa nilihuzunika kana kwamba nimempoteza tena. Nilifikiri kuuvua utumbo nirudishe nailoni. Halafu nikajikuta naurudia kila mchana, nikiweka mkasi chini, nikiugusa, nikisubiri ile sauti ifike mwisho wake.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, bila mwalimu. Jirani yangu akirudi kazini alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anaimba chinichini nyimbo za baba yake, nami nazitafuta kwenye nyuzi mpaka nizipate. Wakati wa mvua utumbo ulinywa unyevu ukalegea, kila kitu kikashuka. Januari ulikauka ukakatika. Tulirudi Burma mara nyingi.

Mwaka uliofuata shemeji yangu alikuja kutoka Mombasa. Hakuficha haja yake.

"Shemeji, nimekuja kuuchukua udi wa baba. Huku unakaa bure."

Nikamteremshia. Naye alikuwa mpigaji, tena hodari. Akaupakata, akaanza kukaza apandishe sauti alivyozoea, na uzi wa utumbo ukakatika, ukamchapa mkononi.

"Nyuzi gani hizi?"

"Za mbuzi."

Akafikiri namtania. Nikafunga uzi mwingine mbele yake, nikalinganisha sauti chini kidogo, panapopendwa na utumbo, nikapiga kile kidogo nilichokijua. Alisikiliza huku ameinamia mikono yake. Nilipomaliza akasema, "Hii si sauti ya kaka."

"Najua."

"Umeubadilisha."

"Najua, shemeji."

Asubuhi alifunga mkoba wake, akanywa chai, akautazama udi ukutani. "Kaa nao kwanza," akasema. "Nitaufuata siku nyingine." Hakuufuata. Alinitumia salamu kila Idi, na mara moja akanipelekea kwa mtu pakiti ya nyuzi kutoka Unguja, za nailoni nzuri, ambazo niliziweka kwenye nyembamba.

Kisha kiwanda cha biskuti kikapunguza watu, na jirani yangu akawa miongoni mwao. Hakuwa na sababu ya kubaki mjini. Nilimsaidia kufunga vyombo. Tulikaa juu ya magunia tukingoja lori, akaniambia nikanyooshe kidogo ule wimbo wa mwisho, pale katikati naukimbiza. Nikamwambia nitaunyoosha. Lori likaja, akapanda mbele na dereva, akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaondoka.

Nyuzi zilipokwisha nilikwenda Burma peke yangu. Niliosha, nikaloweka, nikakwangua. Nikafunga ncha moja kwenye gurudumu la cherehani, nikabaki na ncha ya pili mkononi, nikizunguka chumba kwa macho. Mwishowe nilipigilia msumari kwenye fremu ya mlango nikaifunga hapo. Nikazungusha. Uzi ulisokoteka vibaya, mwembamba huku, mnene kule, kwa sababu hapakuwa na wa kuniambia nilegeze. Niliuanika, ukakauka, nikaufunga kwenye udi hivyo hivyo. Ulikuwa na sauti ya kukwama kidogo katikati. Niliupiga mchana wote, mlango ukiwa wazi.