Miti Yenye Pete Nyekundu

Kazi yetu ilikuwa kupima pori nje ya Kolwezi, na tulikuwa wawili tu: mimi na tata mmoja, mzee wa makamo, mzaliwa wa Kapata, mtaa wa mjini humo, ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Kila kiangazi tulirudi kwenye miti ileile, tukaizungushia kamba, tukahesabu visiki vipya na kuandika daftarini pori limechoka upande gani. Ili tusiipoteze, mwenzangu aliipaka pete nyekundu, huku akiimba.

Kisha kazi ya migodi ikaanguka, na walioachishwa wakageukia kuchoma makala, yaani makaa. Kiangazi kilichofuata tulikuta miti ya pete imekatwa karibu yote, na isiyo na rangi imesimama salama. Mama mmoja alikuwa akifunika tanuri lake kwa udongo.

« Mama, juu ya nini munakata ya rangi tu? » nikamuuliza.

« Si njo ile bachefu, bakubwa ba kazi, balichagula? Siye tulisema, kama baliweka alama, basi ni ya kukata. Hatutaki maneno. »

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama akatupa viazi vya kuchoma, akatuonyesha alipokuwa akikata mwaka jana na mwaka juzi. Alilijua pori kuliko daftari letu. Tangu siku hiyo tukaacha rangi, tukapiga misumari midogo karibu na mizizi.

Mwaka uleule watu wa asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa mjini kwetu, hata waliozaliwa hapa. Nilimkuta mwenzangu kwenye stesheni ya gari la moshi, yeye na mke wake wamekalia mizigo pamoja na maelfu ya wengine. Walingoja wiki nyingi. Niliwapelekea bukari, ugali wetu, kila siku, nikiona haya, maana waliomtoa nyumbani walikuwa majirani zangu.

« Usihesabu bisiki tu, » aliniambia. « Angalia kama binachipuka. Bikichipuka, pori ingali muzima. »

Treni ilipokuja nilimbebea cherehani ya mke wake hadi ndani ya behewa. Tulishikana mikono. Miezi baadaye barua yake ikafika kutoka Kasai: wote wawili wako hai, na amepata shamba.

Mimi nilimwomba yule mama wa makala anishikie kamba. Hakujua kusoma, lakini nilipokosea hesabu alinicheka waziwazi. Misimu miwili ya mvua ilipopita, pale ambapo hakuna aliyelima, machipukizi ya visiki yalinifika begani.